Mtori Usiotiwa Maji

Machi 27

Nimevunjika paja kwa ganda la ndizi. Mimi, Rukaiya binti Abdulkarim, mpishi wa shughuli niliyesimama kwenye majiko ya Moshi tangu sijaota mvi, nimeangushwa na ganda nililolitupa mwenyewe. Futari ya watu ilikuwa motoni, mvua ya kwanza ikashuka, uwanja ukawa sabuni. Sasa nimelala wodi ya mifupa ya wanawake. Mguu umefungwa kamba, kamba imepita kwenye kigurudumu mwisho wa kitanda, na chini yake umening'inizwa mfuko wa mchanga. Daktari Ezra, kijana mwenye uso wa kukosa usingizi, anasema nitakaa hivi mpaka masika yaishe. Nikamuuliza, "Masika ya mwaka huu?" Hakucheka.

Binti yangu Mwanaasha kaniletea daftari. Anasema afadhali niandike kuliko kugombana na manesi.

Machi 28

Mvua. Chai ya hapa ina rangi tu.

Machi 31

Idd. Mwanaasha kaleta biriani, wali umeshikana kama ugali. Nimekula nikanyamaza, Idd haigombwi.

Aprili 2

Kitanda cha jirani kimepata mtu. Ni bibi wa Marangu, Bibi Martha. Kiharusi kilimkuta kihambani, shambani kwake nyumbani, akiwakatia ng'ombe majani, akaanguka, nyonga ikavunjika. Hasemi, hamezi, upande mmoja wa mwili umelala. Macho yake yana mtoto wa jicho, anaona vivuli tu. Wamempitishia mpira puani, chakula kinasukumwa humo kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Anayemuuguza ni Joyness, mke wa Vedastus, kitindamimba wa bibi. Ni msichana mwembamba, mpole mpaka anachosha. Si Mchaga. Wazazi wake walitoka Singida kuja kukata miwa kwenye mashamba ya huko chini, wakabaki. Sista Scola alimfundisha mbele yangu. "Chakula kiwe chepesi, kipite. Ukimaliza kumlisha, sukuma maji. Katikati ya mlo na mlo, maji tena. Huyu hawezi kukuambia ana kiu. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Sista."

Aprili 4

Leo nimecheka mpaka mguu ukauma.

Joyness kaleta mtori, ile supu ya ndizi zilizopondwa. Nimeuona unavyoteremka kwenye bomba: mweupe, mwepesi, unakimbia. Wakati huohuo akaingia Leonia, binti mkubwa wa bibi, mfanyabiashara wa Himo, mama wa kitenge kizito na hereni za kumaanisha. Nikamkaribisha, akaniambia, "Shikamoo mama, tuangalizie mgonjwa wetu." Nikasema, "Marahaba mwanangu, mimi namwangalia, lakini nikuulize mimi mpishi: huo ni mtori, au ni maji yaliyooshewa sufuria la mtori?"

Wodi nzima ilicheka. Hata yule wa dirishani aliyefungwa taya alicheka kwa pua. Joyness aliinama akaendelea kusukuma bomba. Leonia peke yake hakucheka. Aliifunua hotpoti ya wifi yake, akachota kwa kijiko, akakiinua, mtori ukamwagika wote kabla haujafika juu.

"Hata watu wa mjini wanatucheka," akasema.

Nilisahau kwamba huku mlimani kumpelekea mzazi mtori wa maji ni kumwambia umemchoka. Au sikusahau. Utani mzuri huwezi kuumeza.

Aprili 5

Leonia amekuja na hotpoti yake. Ningevua kofia, kama ningekuwa nayo. Mtori wa ndizi za mshare, supu ya mifupa iliyochemka tangu jana, siagi ya nyumbani. Umesagwa kwenye blenda, ukachujwa mara mbili, na ili upite mpirani haukulegezwa kwa maji, umelegezwa kwa supu nyingine. Harufu yake iliwaamsha waliochomwa sindano za usingizi.

Alipomaliza kumlisha, Joyness akanyoosha mkono kuchukua jagi la maji.

"Weka chini hilo," Leonia akasema.

"Dada, Sista alisema..."

"Tumbo la mgonjwa ni dogo. Ukilijaza maji, chakula kitakaa wapi? Mama yangu hakunilea kwa bomba la maji. Alinilea kwa mtori." Kisha akanigeukia mimi, akanimiminia kikombe. "Onja mama, wewe unajua chakula."

Nikaonja, nikamsifu kwa sauti, wote wasikie. Supu ni tamu. Chumvi imekolea kidogo, nimeishushia na chupa nzima ya maji.

Aprili 7

Mvua usiku na mchana. Kikombe cha supu. Maji yameniishia, nimemtuma Joyness akaniletee mengine.

Aprili 8

Kikombe. Mlima hatujauona wiki nzima.

Aprili 10

Leonia amenikalia kitako, tumeongea kama shoga. Nimejua kiini cha ugomvi. Kwao nyumba ya baba na mama ni ya kitindamimba. Vedastus ndiye mwenye kihamba, kwa hiyo jiko la Bibi Martha ni la Joyness. "Mimi niliyebebwa kwenye mgongo wa mama nikiingia mle ndani nakaribishwa kiti kama mgeni," Leonia aliniambia. "Nakaribishwa na mtoto wa wakata miwa, asiyejua mshare na mkono wa tembo ni ndizi tofauti!"

Nikamwambia pole. Kweli nilimhurumia. Joyness siku hizi ni wa kufua mashuka na kubadilisha pampasi, mtori haugusi. Naona ndiyo kazi anayoiweza.

Aprili 12

Bibi Martha ana tabia mbaya. Nikimimina maji yangu kwenye kikombe, anageuza kichwa. Jicho halioni, lakini sikio linafuata maji mpaka niyamalize, ulimi unatokeza kidogo. Nimejaribu mara tatu leo kwa makusudi, niliposhika sahani hakugeuka, niliposhika chupa akageuka. Nimemwambia Mwanaasha, huyu bibi ni mbea wa maji. Mwanaasha akaniambia, "Mama, labda ana kiu." Nikamjibu kwamba mtu anayekula supu ya mifupa mara nne kwa siku hana kiu, ana bahati.

Aprili 15

Sista Scola kapita mbio. Wodi nzima manesi wako wawili tu. "Kitanda cha tano, maji mnampa?"

"Tunampa, Sista," Leonia akajibu, kijiko mkononi.

Sista akaandika, akapita.

Aprili 16

Mvua. Kikombe.

Aprili 18, Ijumaa Kuu

Bibi ana homa kidogo. Midomo imepasuka, Leonia anaipaka mafuta ya mgando huku akimwimbia. Anampenda mama yake, hilo halina ubishi, nimemwona akimbusu nyayo. Leo amefurahi sana kwa sababu pampasi tangu jana ni kavu. "Umeona mama Rukaiya? Hachafui tena. Chakula chote kinaingia mwilini."

Joyness alikuwa ameishika ile pampasi kavu kama barua ya msiba.

Aprili 21, Jumatatu ya Pasaka

Leo nimefanya jambo, nami naliandika lilivyokuwa.

Adhuhuri ndugu wote walikuwa nje kwenye veranda wanakula, kwa kuwa ukoo mzima ulishuka na vyakula vya Pasaka. Joyness akabaki kumwosha bibi. Akavuta pazia katikati yetu, lakini pazia la hapa halifiki mwisho. Nikaona akitoa chupa ya maji chini ya khanga, akavuta bomba, akasukuma, akavuta, akasukuma. Bibi Martha alikuwa akitoa sauti ndogo kooni, mithili ya mtoto anayenyonya. Joyness alikuwa akilia bila kupangusa.

Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Akaninong'oneza, "Mama, nakuomba. Leo siku ya tatu nampa kwa kujificha. Angalia ulimi wake, umekuwa kama kipande cha kiatu."

Ningenyamaza ningekufa? Lakini mimi sijawahi kunyamaza. Tena nilikasirika: kwamba mtoto yule asiye na maneno kumbe ana siri, na siri yenyewe ananibebesha mimi. Leonia alipoingia na kikombe changu cha supu, nikamwambia. Nilisema kwa kucheka, "Leonia mwanangu, wenzio wanamwogesha mama kwa ndani."

Leonia aliweka kikombe mezani kwangu taratibu, hakumwaga hata tone. Kisha akavuta pazia, akamnyang'anya Joyness lile bomba, akampiga nalo mdomoni. "Unamjaza maji afe upate nyumba!" Ndugu wakajaa. Vedastus alifika wa mwisho. Ni mwanaume mrefu, fundi wa magari Bomang'ombe, mikono ina grisi hata sikukuu. Joyness akamtazama yeye tu.

"Nenda nyumbani," Vedastus akamwambia mkewe. "Usirudi mpaka nikuite."

Akaondoka na mdomo umevimba, kwenye mvua, bila mwavuli. Supu sikuinywa mpaka ilipopoa. Lakini niliinywa.

Aprili 22

Kumetulia. Bibi hageuzi tena kichwa kwa maji yangu. Analala vizuri.

Aprili 23

Bado amelala. Mkono mzima unarukaruka wenyewe. Leonia anasema anaota.

Aprili 24

Leo nimejua kinachomlaza.

Daktari Ezra alimfinya kidole cha mguu, hakushtuka. Akamvuta ngozi ya kifua, ngozi ikabaki imesimama kama hema. Wakachukua damu. Majibu yalirudi kabla ya chakula cha mchana, na yule kijana asiyecheka akaja karibu anakimbia.

"Chumvi ya damu, sodiamu, ni mia na sabini na moja," alisema. "Haitakiwi kuzidi mia na arobaini na tano. Huyu mama amekauka. Maji yameisha mwilini, chumvi imebaki, na ubongo umesinyaa. Nani anamlisha?"

"Mimi," akasema Leonia. "Mtori safi, daktari, na supu."

"Supu ina chumvi?"

"Sasa daktari, supu bila chumvi unampa nani?"

"Na maji?"

Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Leonia alinitazama, na mkono wake ulikuwa bado umeshika chupa ya chai aliyonimiminia supu dakika ile ile.

"Maji tunampa," akasema. "Kila mara. Ila kuna mke wa mdogo wangu alikuwa anaingia hapa kwa kificho na kumwekea vitu vyake mpirani. Mama huyu alimwona kwa macho yake."

Daktari akanigeukia. "Mama, wewe uko hapa siku zote. Huyu bibi alikuwa anapewa maji?"

Ulimi wangu huu! Umeharibu harusi, umefukuza wachumba wawili wa Mwanaasha, umenigombanisha na msikiti mzima. Leo ulihitajika mara moja tu, ukalala. Nilikuwa na kikombe mkononi. Niliona nikisema kweli, swali la pili litakuwa, na wewe uliyeona ulisema nini? Nikasema, "Mimi daktari naangalia mguu wangu."

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, wanasema. Hawakusema kitu juu ya mwenye chupa ya maji.

Aprili 25

Wamemwekea dripu. Leonia alipoelewa, alikuja na jagi zima, anataka kulimimina lote mpirani. Sista Scola alimdaka mkono. "Polepole! Ukimjaza ghafla ubongo utavimba, utamuua mara ya pili. Kipimo kidogo, kila saa, siku kadhaa. Nataka mtu mmoja wa kukaa hapa, mwenye mkono wa saburi."

Leonia ana duka. Ndugu wana kazi. Vedastus akatoka nje na simu.

Aprili 26

Joyness amerudi. Hakuna aliyemwomba radhi, amekuja kama anayeitwa zamu. Analala sakafuni kwenye mkeka. Kila saa nasikia bomba likivuta maji. Kwangu hatazami. Nimemwita mara mbili, akanisogezea beseni, akidhani nataka kujisaidia.

Aprili 29

Mia na sitini na moja. Mvua.

Mei 2

Mia na hamsini. Bibi amefumbua macho. Nimelia, nikamwambia Mwanaasha ni mguu.

Mei 6

Wameutoa mpira. Anameza kwa kijiko. Anaongea kidogo, kwa kunong'ona, na Joyness anamjibu kwa kunong'ona. Pazia limevutwa, sisikii wanachosema. Leonia huja Jumapili na maua.

Mei 9

Vedastus alikaa kwenye kiti kati ya vitanda viwili. Nikaona leo ndiyo leo. Nikamweleza yote: maji, supu, bomba, pampasi kavu, utani wangu, kikombe changu. Sikujibakiza. "Mkeo ndiye aliyekuwa anamwokoa mama yako, nami nikamsema."

Alikuwa anasugua grisi kwenye kidole gumba. "Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile. Joyness hajawahi kunidanganya."

"Sasa mbona ulimfukuza?"

"Mama Rukaiya," akasema, bila hasira kabisa, "mke nitapata pa kumpoza. Dada yangu akivunjika mbele ya ukoo, nani atamuunga?"

Nilitamani mguu ungekuwa huru nimpige nao.

Mei 12

Nimefunguliwa kamba. Naanza magongo. Paja limepungua, limebaki kama la kuku wa kienyeji.

Mei 17

Bibi anaruhusiwa kesho, kwa hiyo leo ukoo ulikuja kuamua anakwenda kwa nani. Aliyeongea ni Ebenezeri, mdogo wa marehemu mume wa bibi, mzee wa koti na kofia, mpole wa sauti. Leonia alikaa kichwani pa mama. Joyness alisimama miguuni, mikono nyuma.

Ebenezeri akasema wamesikia habari ya chumvi, na habari ya vitu kuwekwa mpirani kwa kificho. Hawamhukumu mtu. Lakini mgonjwa ana akili zake sasa, aulizwe mwenyewe. "Shemeji, nani alikutunza hapa?"

Bibi Martha alikusanya pumzi. Maneno yake yanatoka moja moja, lakini yanatoka.

"Kulikuwa na kiu," alisema. "Kiu mbaya. Sijawahi kuona. Kuna mtu alininyima maji. Halafu Leonia akanipa. Kidogo kidogo. Usiku na mchana. Namwita Leonia, ananiitikia." Mkono mzima ukapapasa kitandani. "Leonia. Mwanangu."

Leonia akaushika ule mkono. Nilimsubiri aseme. Wallahi nilimsubiri, nikahesabu pumzi zake. Akainama, akaubusu mkono wa mama yake, akasema, "Niko hapa, mama."

"Na aliyekunyima?" Ebenezeri akauliza.

"Mke wa Vedastus alikuwa kwenye jiko," bibi akasema. "Jiko ni lake."

Nikasimama. Magongo yaliteleza, nikashika chuma cha kitanda. Nikasema yote tena, kwa sauti ya kuita wapishi wenzangu ng'ambo ya uwanja. Nikamtaja Leonia, nikajitaja mimi. Vedastus alikuwa anaangalia dirisha. Nilipomaliza, Bibi Martha akageuza kichwa upande wangu, na akauliza, "Huyu ni nani?"

"Ni mgonjwa wa jirani, mama," Leonia akasema. "Yule aliyekuwa anatuchekea mtori."

Ebenezeri akavua kofia kwa heshima. "Asante mama kwa maneno yako. Ugua pole. Haya ni ya ukoo." Akavuta pazia.

Wameamua bibi aende Himo kwa Leonia, na Joyness akapumzike kwao kwa muda, huko mashambani. Muda gani hawakusema. Vedastus atabaki na ufunguo wa nyumba.

Mei 18

Wameondoka na bibi asubuhi. Leonia ndiye aliyesukuma kiti cha magurudumu. Daktari Ezra alimwandama mpaka mlangoni akimrudia habari ya maji, kila saa, mama, hata asipoomba, naye alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo, huku anamfunga mama yake shuka. Hakunitazama. Nadhani ataendelea kumpenda vilevile.

Joyness alibaki kukunja mkeka. Nikamfuata kwa magongo, kitanda hadi kitanda, jasho linanitoka.

"Mwanangu, nisamehe," nikamwambia.

"Nimekusamehe, mama," akasema upesi, kama mtu anayelipa nauli.

"Siku zote zile alikuwa anakuita Leonia?"

"Ndiyo."

"Na wewe unaitika?"

"Ndiyo."

"Kwa nini, mwanangu? Kwa nini hukumwambia ni wewe?"

Alifunga kamba ya mkeka, akakaza fundo kwa meno. Alama ya bomba bado iko mdomoni mwake.

"Nilimwambia siku ya kwanza ya kijiko," akasema. "Nilimwambia, ni mimi Joyness, mama, kunywa. Akafunga mdomo."

Akaweka mkeka begani, akabeba beseni lake, akatoka. Kitanda cha tano wameshatandika shuka jingine.